Vikombe Vitatu vya Umutobe

Wiki iliyopita mwenzangu wa ofisini alirudi likizo na katoni ya juisi ya ndizi. Chupa ndogo za plastiki, zimefungwa vizuri na kubandikwa karatasi yenye picha ya mkungu. Akapita meza kwa meza akigawa. Alipofika kwangu akaifungua kabisa na kunisogezea. Harufu ilinifikia kabla ya chupa: ndizi iliyoiva kupita kiasi, na kwa mbali nyasi zilizopondwa. Nikamwambia ahsante sana, ila nina vidonda vya tumbo, daktari kanikataza vitu vitamu.

Sina vidonda vya tumbo. Sijawahi kuwa navyo. Uongo ulinitoka laini, haukukwama hata kidogo kooni, na mwenzangu wa watu akanipa pole ya kweli na kunishauri nijaribu maji ya kabichi. Nikabaki najitazama. Mtu mzima, nina mshahara na ufunguo wa chumba changu, nasingizia ugonjwa kwa sababu nimenusa ndizi. Nikasema hapana, sasa basi, hili jambo nitalisema lilivyo.

Tulihamia Kasulu nikiwa na miaka minane. Mama ni nesi, kwao Tanga, na kazi ndiyo iliyomtupa huko juu. Baba alikuwa afisa mifugo, kituo chake Kibondo, kwa hiyo tulimwona Ijumaa jioni akishuka kwenye basi akiwa mwekundu kwa vumbi mpaka kwenye kope, na Jumapili mchana akiondoka tena. Siku nyingine zote nyumba ilikuwa yangu na Mama, na Mama akiwa zamu ilikuwa yangu peke yangu. Kati yetu na jirani palikuwa na ua wa minyaa wenye pengo. Pengo lile nililipita mara nyingi kuliko mlango wetu wenyewe.

Jirani alikuwa Mama Espe. Espe, binti yake, tulikaa dawati moja shuleni. Mama Espe alizaliwa Makere, huko huko Kasulu. Wazazi wake ndio waliovuka kutoka Burundi zamani, yeye hata huko kwenyewe hakuwahi kufika. Hati yake ya uraia aliiweka kwenye mfuko wa nailoni ndani ya sanduku la nguo, na siku moja alitutolea mimi na Espe tuitazame, akatukataza kuigusa kwa sababu tulikuwa tumetoka kula mihogo ya kukaanga. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mikono mikubwa na sauti ambayo hukuitegemea mpaka aimbe. Alilima, aliuza maharage sokoni, na Jumapili ndiye aliyeanzisha nyimbo kwenye kwaya ya kanisa lao la walokole. Jioni akichambua maharage alijifanyia mazoezi peke yake uani, na Mama yangu, Mwislamu wa kufunga na kuswali, alikuwa anapunguza redio ili amsikilize.

Kilichomfanya ajulikane mtaani, hata hivyo, ni umutobe. Ni maji ya ndizi matupu, ya kunywa siku za jua, hayana kileo wala sukari ya kuongeza. Waha na Warundi wote wanajua kuyatengeneza, lakini ya Mama Espe watu walikuwa wanayafuata.

Mara ya kwanza kuona jinsi yanavyoanza, nilidhani kuna mtu kazikwa. Nyuma ya jiko lake palikuwa na kifusi kipya kimefunikwa majani ya mgomba, na kifusi chenyewe kinatoa moshi kidogo pembeni. Nikakimbia kumwambia Mama. Mama akaenda kuuliza kwa adabu za kwao Tanga, akizunguka maneno, anaulizia kama wako salama wote, kama hakuna aliyeumwa, mpaka Mama Espe alipoelewa anaulizwa nini. Alicheka akakaa chini. Kisha akafukua kidogo na kutuonyesha ndizi, zile fupi zisizofaa kupika, zimelala kwenye joto zikiiva. Siku nne humo ndani, akasema, na zikitoka zinamenyeka zenyewe.

Kazi niliyoipenda ilikuwa ya siku ya nne. Alikuwa na gogo lililochongwa katikati, alilirithi kwa mama mkwe wake, na ndani yake tulimwaga ndizi zilizomenywa, kisha nyasi ndefu, zile za kuezekea, zilizooshwa mara tatu. Mimi na Espe tulipewa upande mmoja, yeye upande mwingine. Unakamua ndizi pamoja na nyasi, unakamua, unakamua, na kwa muda mrefu hakuna chochote, ni uji mzito unaonata mpaka viwikoni. Ukikaribia kukata tamaa, ghafla maji yanaachia. Yanatoka chini ya nyasi, ya rangi ya asali nyepesi, na juu yake linapanda povu. Anayachuja, anaongeza maji ya kisima kidogo, anaweka mtungi kivulini. Ukiyanywa saa nane mchana wa kiangazi, vumbi limekukaa kooni, unasahau kwamba kuna soda duniani.

Sasa nieleze na jambo la kuonja, kwa maana ndilo lenyewe. Mama Espe hakumpa mtu kinywaji bila kukionja kwanza, tena mbele ya macho yako. Anajaza kikombe, anapiga funda moja, anafuta ukingo kwa kiganja, anakupa. Siku ya kwanza alipomfanyia hivyo Mama, niliona Mama anakitazama kikombe asijue akishike wapi. Mimi nilidhani ni ulafi. Nilidhani kila akimimina anashindwa kujizuia, na nikamwonea huruma.

Mama hakuvumilia. Ziara ya pili au ya tatu akauliza.

"Mama Espe, usinielewe vibaya. Huku kwenu mtu anakunywa kwanza, ndio anampa mgeni?"

"Ego, Nesi," akasema, na hiyo ego ni ndiyo ya kwao. "Nikikupa kitu sijakitia kinywani mwangu, wewe utajuaje nilichokiweka? Mimi nakunywa kwanza ili wewe usinywe na wasiwasi."

"Hata kwa jirani?"

"Jirani ndiyo zaidi."

Mama akacheka, akanywa. Kuanzia siku ile hakukitazama tena kikombe.

Kiangazi ninachokisema, Ramadhani iliangukia likizo ya katikati ya mwaka. Nilikuwa nimefikisha miaka kumi na moja na nilishatangaza, nyumbani, madrasa, hata kwa Espe ambaye hakuwa na haja ya kujua, kwamba mwaka huu nafunga yote. Miaka ya nyuma nilifunga nusu siku nusu siku, kitoto. Safari hii Baba aliniahidi nikimaliza tutasherehekea Idi kwake Kibondo, na nitashonewa gauni la mikono mirefu. Lakini gauni lilikuwa jambo dogo. Kubwa ni kwamba nilijisifu mno. Kila jioni watoto wenzangu wa madrasa walitoa ndimi tuone nani ni mkavu, na wangu ulikuwa mkavu kuliko wote, nikawacheka waliokula.

Mama Espe alilichukulia jambo la funga yetu kwa uzito wake. Kila Ijumaa, siku anayorudi Baba, alitutengenezea umutobe wa kufuturu. Hakuombwa. Adhana ya magharibi ikianza tu, unamwona anapita pengo la minyaa na jagi limefunikwa kitambaa cheupe. Anaamkia, anamimina, anaonja funda lake, anampa Baba kwanza, kisha Mama, kisha mimi. "Mwana wa Nesi," ananiambia, "leo pia hujala?" Najibu sijala. "Wewe ni mtu mzima sasa." Nilivimba kichwa.

Ilikuwa Ijumaa ya tatu. Asubuhi palikuwa na baridi ya kutoa moshi mdomoni, lakini kufika saa sita jua lilikuwa linagonga utosini. Siku hizo mabasi yaliyobeba wakimbizi wapya kutoka Burundi yalikuwa yanapita barabara kuu moja nyuma ya jingine, na vumbi lao halikutua. Mama alikuwa zamu ya asubuhi. Daku nilikuwa na usingizi, nikala vijiko viwili tu nikarudi kitandani, na sasa najuta. Nikapita pengoni kumtafuta Espe ili nisahau tumbo. Espe alikuwa ametumwa sokoni. Mama Espe hakuwepo uani. Nilisikia jembe lake nyuma huko kwenye migomba. Pale kivulini, mlangoni mwa jiko, umutobe ulikuwa umeshachujwa mtungini, umefunikwa sahani, na juu ya sahani kikombe cha bati.

Sikutaka kunywa. Nilitaka kunusa tu. Nikafunua sahani, nikanusa. Kisha nikatia kidole, nikakilamba, nikajiambia ulimi tu haufunguzi. Kisha nikachota kikombe kizima, nikanywa nimesimama, macho yangu yako kwenye migomba. Kikombe cha pili nikanywa nimechuchumaa. Cha tatu sikukisikia hata kilivyopita. Nikakikausha kikombe kwa gauni langu, nikakirudisha kama kilivyokuwa, na nikaondoka mbio.

Tumbo tupu haliwezi vikombe vitatu vya kitu kitamu namna ile. Sikufika mbali. Chini ya kamba yetu ya nguo kichwa kilianza kuzunguka, nikatapika, nikakaa, nikatapika tena. Na hapo ndipo wazo liliponijia, na wazo lenyewe lilikuwa la kijinga ila mimi niliamini: nimelewa. Madrasa mtoto mmoja alishatuambia chochote chenye povu ni pombe. Umutobe una povu. Ndizi zile zile ndizo wengine wanazitengenezea pombe, wakitia mtama wa kukaanga na kuzilaza, hilo nililijua. Kumbe, nikawaza, wamekuwa wakitunywesha. Nimekunywa mchana wa Ramadhani na nilichokunywa ni pombe. Nililia kwa hofu ya kweli kabisa, na hofu ile sijawahi kuiona aibu. Niliyoyaonea aibu ni yaliyofuata.

Mama alirudi alasiri akiwa na Mama Zuwena, mke wa afisa mmoja pale mtaani, Mwislamu mwenzetu, tuliyezoea kupika naye futari siku za Ijumaa. Wakanikuta pale pale chini ya kamba. Mama akatupa mkoba, akanishika paji la uso, akanifunua kope kwa kidole gumba kama anavyofanya kwa wagonjwa wake. Mama Zuwena aliinama akanusa.

"We Mama, mtoto huyu mbona ananuka pombe?"

Mimi sikuwa nimesema neno hilo. Alilisema yeye, na nikaona linanitosha. Nilikuwa nikitafuta kitu cha kujifunika, nikakipata.

"Nani kakupa?" akauliza Mama Zuwena.

Ningeweza kusema nimechota. Nilikuwa na nafasi, walikuwa wananisubiri, na Mama alikuwa amenishika mkono. Lakini nikauona ulimi wangu mkavu wa madrasa, nikawaona wale niliowacheka, nikamwona Baba anashuka kwenye basi.

"Mama Espe," nikasema. "Kaniita akanipa. Nilimwambia nimefunga, akasema kunywa tu."

Yale maneno ya mwisho hakuna aliyenilazimisha kuyaongeza. Niliyaongeza mwenyewe, ili yakae vizuri.

Mama Zuwena akaenda pengoni na kuita kwa sauti ya watu wote kusikia. Mama Espe akaja haraka, mikono inamdondoka maji, begani ana kile kitambaa cheupe cha kufunikia jagi. Aliponiona nimekaa chini alinijia mimi kwanza. "Mwana wanje, umepatwa na nini?" Mwanangu, ndivyo alivyoniita. Mama Zuwena akamweleza, na hakumweleza kwa upole. Alisema na mengine ambayo hayakuhusu, kwamba watu wanapokelewa, wanapewa ardhi, wanapewa hati, kisha wanawaharibia wenzao watoto.

Mama Espe alinigeukia mimi. Alichutama mbele yangu mpaka uso wake ukawa sawa na wangu. Alinuka ndizi.

"Mimi nilikupa?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Nilikupa kikombe mkononi?"

"Ndiyo."

Akauliza taratibu, bila ukali wowote: "Nilionja kwanza?"

Sikuelewa kwa nini anauliza hilo. Nilikuwa nimechoka na uongo, nikaona hapa angalau kuna swali ninaloweza kulijibu kwa kweli, maana kweli hakuonja, hakuwepo.

"Hapana," nikasema. "Hukuonja."

Mama Espe akasimama. Akamtazama Mama yangu, na Mama yangu akamtazama yeye, na mimi nikadhani wanatazamana kwa hasira. Nilikuwa sijui kusoma nyuso za watu wazima. Nilichokiona ni kwamba Mama aliachia mkono wangu, akafuta viganja kwenye sare yake, na akasema kwa sauti ndogo, "Mama Espe, leo usilete jagi."

"Ego, Nesi," akasema Mama Espe. Akapita pengoni kurudi kwake. Baadaye kidogo nilimsikia akimwaga mtungi kwenye migomba, na ulichukua muda mrefu kuisha.

Usiku ule sikupigwa wala sikugombezwa, na nililichukulia hilo kuwa ushindi. Mama aliniambia tu kwamba mimi bado mtoto, funga hainilazimu, hata ningekula mchana hakuna ambaye angenihukumu. Aliyasema akiwa amenipa mgongo, anaosha vyombo. Ndiyo kusema yote yale niliyafanya kuficha kosa ambalo halikuwa kosa. Baba aliuliza mbona leo hakuna umutobe, Mama akasema ndizi zimeharibika.

Mama Zuwena alikuwa na mdomo, na mtaa ule ulikuwa na bomba moja la maji. Kufika Jumapili habari ilishaingia kanisani kwa Mama Espe, na huko ilikuwa nzito mara mbili, kwa sababu kwao kileo hakiguswi hata kwa kidole. Mama mkwe wake ndiye aliyekuwa akipika pombe kwenye lile gogo. Mama Espe mwenyewe alipookoka alilisugua kwa majivu na kuapa halitapikiwa pombe tena. Wazee wa kanisa wakaja kulitazama. Wakaingia jikoni, wakakuta mtama nusu debe. Ulikuwa mtama wa uji, Espe tulikunywa naye uji huo asubuhi nyingi, lakini mtama na gogo na maneno ya mtoto wa nesi vikikutana havihitaji shahidi mwingine. Wakamwambia asikae na kwaya, akae kiti cha nyuma, mpaka atakapotubu mbele ya kanisa.

Espe ndiye aliyenieleza, siku shule zilipofunguliwa. Alikuwa ameshahama dawati. Alinikuta chooni, akasimama mlangoni nisipite.

"Wamemwambia atubu. Kasema hana cha kutubu. Kasema ataimba mbinguni."

Nikajaribu kupita.

"Mama yangu hampi mtu kitu bila kuonja," akasema Espe. "Hata mimi. Hata nikiwa naumwa. Wewe unajua."

"Sijui," nikasema.

Alinitazama kama mtu anayetazama kitu kilichoanguka njiani, akaamua kutokiokota. Akaondoka. Hatukuongea tena, na mwaka uliobaki nilikaa dawati na mvulana aliyekuwa akinichorea kwenye madaftari.

Pengo la minyaa halikuzibwa na mtu. Lilijiziba lenyewe, kwa sababu hakuna aliyepita. Gogo lilisogezwa ukutani, bata wakawekewa maji humo. Jioni Mama Espe alichambua maharage kimya, na Mama yangu aliendelea kupunguza redio kwa mazoea, kisha anakaa pale anasikiliza kitu ambacho hakipo, kisha anaipandisha tena. Mimi nilikuwa chumbani najifanya nasoma. Niliifunga Ramadhani ile mpaka mwisho. Idi tulikwenda Kibondo, nikavaa gauni la mikono mirefu, na watu wakanipongeza.

Uhamisho wa Mama ulitoka mvua zilipoanza. Asubuhi ya kuondoka lori lilisimama mlangoni, Baba anafunga magodoro kwa kamba, majirani wamekuja kuaga. Mama Zuwena alikuwa analia kuliko sisi wenyewe. Ndipo nikamwona Mama Espe anakuja, safari hii kwa njia ya mbele kama mgeni, ameshika jagi lenye kitambaa cheupe. Nyuma yake, mbali, Espe alisimama kwenye mgomba wa kwanza na hakusogea.

Alikuwa ametengeneza umutobe. Tangu ile Ijumaa hakuwahi kuutengeneza, na sasa alikuwa amechimba shimo, akangoja siku nne, akaosha nyasi mara tatu, akaokoa gogo kutoka kwa bata. Watu wakapunguza maneno. Aliamkia wote, akamimina kikombe kile kile cha bati, akakiinua. Nilisubiri lile funda lake moja.

Hakupiga funda moja. Alikunywa kikombe chote. Alikunywa taratibu, watu wote wanamtazama, koo lake linapanda na kushuka, mpaka akakimaliza, kisha akakigeuza juu chini kila mtu aone kikavu. Hakumtazama Mama Zuwena. Akakijaza tena, akafuta ukingo kwa kiganja, akaja mpaka niliposimama mimi. Kabla ya Baba, kabla ya Mama.

"Kunywa, mwana wa Nesi," akasema. "Safari ni ndefu."

Nilikipokea kwa mikono miwili. Nilikuwa na maneno, niliyahisi kabisa yamefika kooni, na njia ya kuyatoa ilikuwa ile ile ya kumezea. Nikanywa. Ulikuwa wa baridi na mtamu kama siku zote. Nikarudisha kikombe.

"Ahsante," nikasema. Basi.

Siku ile ya chupa ofisini nilitoka nje nikampigia Mama. Sikuzunguka. Nikamwambia, Mama, ule mwaka wa Kasulu, Mama Espe hakunipa kitu, nilichota mwenyewe. Nikangoja apige yowe.

"Najua," akasema.

"Umejua lini?"

"Siku ile ile. Ulisema hakuonja. Na wala hukuwa umelewa, mimi ni nesi."

"Sasa kwa nini hukusema?"

Nikamsikia anavuta kiti. "Mama Zuwena alikuwa pale," akasema. "Nikaona nitakuaibisha. Nikasema nitalisema kesho. Kesho ikawa mbaya zaidi." Kisha akaniambia kwamba yeye na Mama Espe wanapigiana simu kila Idi na kila Krismasi, miaka yote hii, wanaulizana mvua na maharage na magoti, na hawajawahi kuligusa. Kwamba Mama Espe bado anakaa kiti cha nyuma. Wachungaji wamebadilika, yeye hajatubu, na wao hawajamwita. Macho yamepungua nguvu, Espe ndiye anayemsomea Biblia na ujumbe wa simu.

Nikaomba namba ya Espe, Mama akanitumia. Nina siku sita nayo.

Nimeyaandika haya Espe amsomee mama yake, na mama yake akitaka, ayapeleke kwa wazee wa kanisa. Jina langu nitaliweka kwa Espe. Lakini kabla ya kuyatuma, asubuhi hii nimekaa jikoni nikayasoma yote mimi mwenyewe kwanza, kwa sauti, kuanzia juu mpaka chini. Ni machungu. Hakuna nilichoongeza.